Mrejesho: filta ya oili na kelele ya asubuhi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nichague vipi filta nzuri ya oili, maana injini yangu ilikuwa inagonga sekunde kadhaa kila nikiiwasha asubuhi, na taa ya oili inachelewa kuzima. Mlinielekeza nianze na ile vali ya raba iliyo ndani ya filta, inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa.

Nimeikata filta ya zamani. Raba ya vali imekakamaa, haizibi tena. Karatasi ya kuchujia ina mikunjo michache, na upande mmoja imeachia gundi. Yaani oili ilikuwa inapita bila kuchujwa! Hilo limeniuma kuliko hata kelele.

Nimechukua yenye vali ya silikoni, kwa kuwa silikoni huvumilia joto bila kukakamaa upesi, nikahakikisha namba yake inaendana na injini yangu. Nikapaka oili mpya kidogo kwenye raba ya nje, nikakaza kwa mkono tu. Wiki ya tatu sasa, kelele imekwisha na taa inazima mara moja. Aliyenionya nisiamini umbo la kopo la filta, asante sana: kwa nje hizi filta mbili, ya zamani na mpya, zinafanana kabisa.