Kikundi cha Ukoo, Kirumba: risiti hazitoki

Neema: Shikamooni wote. Umeme umerudi, kompyuta ya duka imewaka, ila ukurasa wa risiti haufunguki. Mteja wa Shinyanga kashapakia dagaa, gari liko hapa Mwaloni linanguruma. Kaka Kulwa upo?

Mjomba Masanja: Marahaba. Zima uwashe.

Neema: Nimeshazima mjomba. Ni vilevile.

Kulwa: Shikamoo mjomba. Neema, umeandika nini kwenye ile skrini nyeusi?

Neema: nginx tu, ile programu inayofungua kurasa. Imenijibu
`bind() to 0.0.0.0:80 failed (13: Permission denied)`

Kulwa: Hapo hakijaharibika kitu. Poti (milango ya mtandao) zilizo chini ya 1024, kama hiyo 80, Linux humwachia root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, na wewe umeingia kama mtumiaji wa kawaida. Ingekuwa 98 badala ya 13 ningesema poti imeshikwa na programu nyingine, mara nyingi Apache. Andika
`sudo systemctl start nginx`
Hiyo sudo inaendesha amri kwa mamlaka ya root. Itataka pasiwedi yako. Ukiichapa haionekani, wewe endelea tu.

Shangazi Doto: Na usiiandike humu hiyo pasiwedi!

Neema: 😂 Sawa shangazi. Imekaa kimya, haijasema kitu.

Kulwa: Ikinyamaza ujue imekubali.

Neema: Ukurasa umefunguka, lakini unalalamika haupati hifadhidata. Nimewasha mariadb, programu ya hifadhidata, kwa sudo, imegoma.

Mjomba Masanja: chmod 777 folda yote, mambo yaishe. Fundi mmoja wa Igoma ndivyo alivyonifanyia.

Kulwa: Mjomba, kwa heshima zote, hapana. Hiyo inampa kila mtu haki zote kwenye faili, ni kuacha stoo ya dagaa wazi usiku kucha kwa sababu umesahau ufunguo uko kwa nani. Halafu ukiipiga 777 faili ya mipangilio ya MariaDB, yenyewe inaikataa kuisoma kwa kuwa kila mtu anaweza kuiandika. Unatibu kimoja unavunja kingine.

Mjomba Masanja: Haya, wasomi.

Kulwa: Neema, tuone logi, yaani kumbukumbu za programu, kabla ya kugusa chochote.
`sudo journalctl -u mariadb -n 30`

Neema: Maneno mengi. Kuna mstari unasema ibdata1 must be writable.

Kulwa: Huo huo. Maana yake MariaDB haiwezi kuandika kwenye faili lake la data, ibdata1. Sasa
`sudo ls -l /var/lib/mysql`
Jina gani limejirudia mbele ya faili?

Neema: root root. Chache tu ndiyo mysql mysql.

Kulwa: Nani alirudisha bakapu (nakala ya akiba ya data)?

Shangazi Doto: Kuna kijana alikuja Jumamosi, mimi nilimpa chai tu.

Kulwa: Basi alinakili kwa sudo, faili zikabaki mali ya root. MariaDB haifanyi kazi kama root, inatumia mtumiaji wake anayeitwa mysql. Sudo yako inaiamuru iwake, ila haimpi huyo mysql haki ya kuandika kwenye faili za mwingine. Ndiyo maana imegoma hata kwa sudo. Mrudishie mali yake:
`sudo chown -R mysql:mysql /var/lib/mysql`
Taratibu hapo. Usiache nafasi baada ya mkwaju wa kwanza, utabadilisha mwenye faili za kompyuta nzima.

Neema: Nimesoma mara mbili ndio nikabonyeza. Nawasha tena… imekubali! Risiti inatoka!

Shangazi Doto: Asante Mungu. Dereva alishaanza kunikunjia uso.

Kulwa: Bado kimoja. Kwa nini nginx haikuwaka yenyewe umeme uliporudi?
`systemctl is-enabled nginx mariadb`

Neema: disabled, halafu enabled.

Kulwa: Basi
`sudo systemctl enable nginx`
Ilikuwa disabled, yaani haijiwashi yenyewe. Umeme ukikatika tena ukarudi, zote mbili zitajiwasha.

Mjomba Masanja: Na huyo kijana wa Jumamosi, tulishamlipa?

Shangazi Doto: Nusu.

Mjomba Masanja: Iliyobaki ishike kwanza.