Amaleki wa kwenye Biblia na Amaleki wa kwenye mikesha yetu: tunaisomaje 1 Samweli 15?

Bwana asifiwe ndugu zangu. Mimi niko Bweyale, hapa Uganda, nafundisha sande skuli, na kuna jambo limenikaa kifuani tangu mkesha wa Ijumaa, naomba tulijadili bila kutukanana.

Mhubiri mgeni alisoma 1 Samweli 15, akafika mstari wa tatu pale mfalme Sauli anaambiwa na nabii Samweli akawaue Amaleki wote, lile taifa adui wa Israeli, mwanamume na mwanamke, mtoto mchanga na anyonyaye, ng'ombe na kondoo, ngamia na punda. Alafu akasema kila mtu aandike kwenye karatasi jina la Amaleki wake. Watu wakaandika, huyu shemeji, yule jirani wanayegombania mpaka wa shamba, karatasi zikachomwa tukapiga amina mpaka spika zikakwaruza. Na mimi niliandika, siwezi kudanganya. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mzee, Mwacholi wa kaskazini, alikimbilia huku wakati wa vita ya Kony akabaki. Karatasi yake ilikuwa tupu. Asubuhi tukirudi nyumbani akaniuliza, mwanangu, yule aliyetuchukulia watoto, si naye alisema Mungu ndiye kamtuma?

Sikuwa na jibu na mpaka leo sijalala vizuri.

Swali langu si kama Biblia ni ya kweli, mimi ni mlokole na nitakufa mlokole. Nauliza tu, mstari kama huu tukiusoma mbele ya yule mama tunamwambia nini? Manake ninayoyaona ni mawili. Kuna wanaoruka. Zaburi 137 tunaiimba ile ya mito ya Babeli, lakini mstari wa tisa, wa kuwaseta watoto wadogo juu ya mwamba, kwetu sijausikia ukisomwa hata siku moja. Na kuna wanaosema Mungu ni Mungu, usiulize. Sasa kama hatuulizi, siku mtu anatokea porini na bunduki anasema katumwa, tutamjua kwa lipi? Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA, alisema anataka nchi iongozwe kwa Amri Kumi, huku watoto wanakatwa midomo na kufundishwa kuua ndugu zao. Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, na wafuasi wale walikuwa wamezoeshwa kunyamaza, siku zingine wanaongea kwa ishara za mikono tu. Sisi Uganda kunyamaza mbele ya anayesema "Mungu kasema" tumekulipia.

Na kitu kingine. Tunaambiwa kosa la Sauli ni kutotii. Someni mstari wa tisa. Aliowaacha hai ni mfalme Agagi na ng'ombe na kondoo wanono. Mtoto mchanga hakuachwa. Kwa hiyo hata kutotii kwake hakukuwa na huruma ndani yake, ilikuwa ni nyama. Mhubiri wetu alimaliza karibu nusu saa kwenye wale ng'ombe, kwa watoto hakusimama hata kidogo. Karibuni.

Mzee wa Mbale: Mwalimu nakuheshimu lakini unachezea moto. Aliyetoa uhai ndiye mwenye haki ya kuuchukua. Amaleki hawakuwa watu wa kuonewa huruma, Kumbukumbu la Torati 25 inasema waliwavamia Israeli njiani wakawapiga wanyonge waliobaki nyuma wamechoka. Na Mungu hana haraka ya kuua, Waamori aliwasubiri miaka 400, soma Mwanzo 15, anasema uovu wao haujatimia bado. Hiyo ilikuwa amri ya mara moja, kwa taifa moja, kupitia nabii aliyethibitishwa. Kony hakuwa na Samweli. Tukianza kuchagua mistari inayotupendeza, kesho tutauacha na msalaba.

Katekista, Hoima: Hili swali ni la zamani sana ndugu. Karne ya pili Marcion aliona Mungu wa Agano la Kale hafanani na Baba wa Yesu, akataka kulitupa Agano la Kale lote, kanisa la Roma likamtoa mwaka 144. Kwa hiyo kutupa hapana. Lakini mababa wa kanisa la zamani hawakusoma kama mhubiri wenu wa mkesha. Origen wa Alexandria alihubiri kitabu cha Yoshua akasema wale Wakanaani wa kuangamizwa ni dhambi zilizomo ndani ya moyo wako wewe msomaji. Agostino naye, askofu wa Hippo hapa hapa Afrika, aliweka kanuni, neno la Maandiko lisilopatana na upendo wa Mungu na wa jirani ukilichukua kama lilivyo, ujue limesemwa kwa mfano. Na Mtaguso wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulikiri wazi kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya kupita. Kuyaona hayo si kupungukiwa imani.

Mwalimu wa historia, Jinja: Ongezeni na hili. Wafalme wa zamani walikuwa wanaandika vita kwa kutia chumvi. Lile jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban mwaka 1868, linasema Israeli wamepotea milele, na wanasema aliua watu 7,000 wa mji wa Nebo akawaweka wakfu kwa mungu wake Kemoshi. Israeli haikupotea. Biblia nayo hivyo hivyo, Yoshua 10 inasema hakusaza hata mmoja, fungua Waamuzi 1 Wakanaani bado wapo wanaishi nao. Amaleki waliomalizwa sura ya 15, sura ya 30 wanachoma Siklagi, mji wa Daudi, na vijana 400 wanatoroka juu ya ngamia. Ni lugha ya vita hiyo.

Ndugu Mkongo, Kyangwali: Mimi nimetoka Ituri. Ya mawe siyajui. Kwetu waliotuua wengine tulikuwa tunasali nao Jumapili. Anayeandika jina la mtu kwenye karatasi ili afe, leo anachoma karatasi, kesho je?

Mwalimu wa Bweyale: Nimesoma zote, asanteni, na ndugu wa Kyangwali pole sana, maneno yako nimeyasoma mara mbili.

Mwalimu wa Jinja, hiyo ya jiwe sikuijua na imenisaidia, lakini haifiki mwisho. Hata kama waliokufa ni wachache kuliko ilivyoandikwa, maandiko yanamtaja anyonyaye, na yanasema Mungu ndiye aliyeagiza. Katekista, Origen nampenda, nikiambiwa Amaleki wangu ni chuki yangu napiga magoti. Ila Samweli alipomkatakata Agagi kule Gilgali alikatwa mtu mwenye damu, si chuki. Sitaki tukimbilie mafumbo haraka kabla hatujamwona yule mtoto.

Mzee wangu wa Mbale, shikamoo, kwako ndiko nabisha zaidi maana ndiko nilikolelewa. Unasema amri ya mara moja. Basi kwa nini tunairudia kila mkesha na majina mapya? Na Amaleki waliowapiga wanyonge walikuwa ni wa siku za Musa, mamia ya miaka kabla ya Sauli, mtoto wa kunyonya alihusikaje? Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hiyo nayo ni Biblia mzee, sikuitoa kwa wazungu. Ibrahimu alisimama mbele za Mungu akauliza, Mhukumu wa ulimwengu wote asitende haki? Akashusha kutoka hamsini mpaka kumi, na Mungu hakumgombeza. Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke uwateketeze Wasamaria, na Eliya alishawahi kuushusha, Yesu akageuka akawakemea. Na juu ya talaka alisema Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yenu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivi. Kwa hiyo Bwana mwenyewe anatufundisha kwamba ndani ya torati kuna sehemu moyo mgumu wa watu unaonekana. Mimi naamini Sauli na Samweli walisikia kwa masikio ya watu wa vita vya zamani zile. Mungu kamili tumemwona kwa yule aliyewaita watoto waje kwake. Nikikosea hapa nitajibu siku ile, lakini sitamwambia yule mama kwamba Mungu aliwahi kutaka mtoto wa kunyonya auawe.

Mstari siuruki tena hata hivyo. Jumapili darasa la watu wazima tutaisoma sura yote ya 15 kwa sauti, mpaka mwisho pale Samweli anamlilia Sauli na watoto hawana wa kuwalilia, alafu Mwanzo 18, alafu Luka 9. Yule mama nimemuomba aje. Amekubali, ila amesema atakaa karibu na mlango. Mzee ukiwa na safari ya kwenda Gulu siku hiyo, pitia kwetu, kiti chako kipo.