Mrejesho: kranki ya Land Rover 109

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya Land Rover Series III chakavu niliyouziwa ingeingia kwenye 109 yangu ya mwaka 1974, kwa kuwa injini zote mbili ni za petroli zenye ujazo wa sisi 2,286. Haikuingia. Tulipofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), fundi alilala chini ya gari na tochi mdomoni, akahesabu beringi kuu zinazoishikilia kranki: yangu ina tatu, ile chakavu ina tano, kwani kiwanda kilibadilisha muundo huo mwaka 1980 bila kuongeza ujazo, na kwa nje ni vigumu kuzitofautisha. Muuzaji aliyeniapia kwamba zote ni moja hakudanganya kabisa, maana giaboksi yake inafungana na injini yangu vizuri, ila kwenye kranki aliniponza.

Hatimaye kranki yangu ya zamani imechongwa na kufungwa beringi zenye tundu dogo zaidi kwa inchi 0.010. Mlio wa kugonga umekwisha, na taa ya oili haiwaki tena gari linapounguruma polepole. Chakavu nimelihifadhi kwa ajili ya giaboksi.