Jeshi la 62 la Wasovieti lilipotelea wapi baada ya Stalingrad?

Mwalimu_Kadutu
Jambo wandugu. Nafundisha historia sekondari hapa Bukavu. Tukifika vita vya Stalingrad, mji wa Wasovieti kando ya mto Volga ulioshambuliwa na Wajerumani, wanafunzi wananibana: Jeshi la 62 linatajwa kila ukurasa mwaka 1942, halafu kwenye ramani za 1944 halipo. Walikufa wote? Na mmoja akauliza: kama mto ulikuwa mgongoni mwao, risasi na mkate vilitoka wapi? Nikajibu "kwa mashua", darasa zima likacheka.

Nyota_Kivu
Lilibadilishwa jina tu, mwalimu. Aprili 1943 likawa Jeshi la 8 la Walinzi, jina la heshima. Kamanda yuleyule, Vasily Chuikov.

Papa_Bandari
Huyo mtoto ana akili. Waliocheka hawajawahi kupakia boti.

Mimi napakia za kwenda Goma, kwa hiyo vita ile naisomea mtoni. Volga pale ina upana wa zaidi ya kilomita moja. Chuikov, aliyekabidhiwa jeshi Septemba 1942, anasifiwa kwa kuwabandika askari wake karibu kabisa na Wajerumani, hata ndege zao ziogope kuua watu wao wenyewe. Sawa. Lakini mizinga mikubwa iliachwa ng'ambo ya mashariki! Ingevushwa, na makombora yake yangedai boti kila usiku. Ikapigia hukohuko, ikielekezwa na watu walio mjini. Boti zikabaki kwa watu, risasi na chakula, kurudi, majeruhi. Divisheni ya 13 ya Walinzi, ya Rodimtsev, ilianza kuvuka usiku wa 14 Septemba, adui akiwa karibu na gati.

Novemba ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mto ulijaa vipande vya barafu vinavyosukumana: boti hazipiti, na kutembea juu yake huwezi. Wakati huohuo divisheni ya Lyudnikov imezingirwa kwenye kiwanda cha Barrikady, maji nyuma yake. Sisi ziwa likichafuka tunafunika mzigo, tunangoja.

Mwalimu_Kadutu
Aksanti sana, Papa. Na ile ya 19 Novemba, ya kumzingira Paulus, jenerali wa Wajerumani, ni wao?

Papa_Bandari
Hapana. Waliozunguka walitoka kaskazini na kusini, wakakutana karibu na Kalach tarehe 23. Kazi ya 62 ilikuwa kumshikilia Paulus asitoe vikosi mjini. Hata kumkamata hawakumkamata wao: alichukuliwa na Jeshi la 64 la Shumilov, 31 Januari 1943. Naona hapo walionewa kidogo.

Nyota_Kivu
Walilipwa Berlin, Papa. 1 Mei 1945 Jenerali Krebs wa Ujerumani alipokuja kuomba mazungumzo, alipelekwa kwa Chuikov. Na kabla ya hapo walishavuka mto Vistula huko Poland, pale Magnuszew, Agosti 1944.

Papa_Bandari
Mto tena! Mwalimu, hiyo ya Vistula mpe yule mtoto aichore ubaoni.