Arches Utah na mtoto wa miaka 9, ataweza?

Mama Zuu: Wadau habari zenu, tunatoka Salt Lake City wikiendi hii na gari tunashuka Moab, mji wa karibu na hifadhi ya taifa ya Arches huko Utah, Marekani, kama masaa manne hivi. Natamani sana tupande mpaka Delicate Arch, lile tao la mawe la asili, ila nina mtoto wa miaka 9, ataweza kweli?

Msafiri_K: Ataweza dada, mi nilienda na wangu wawili. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 5 ila kivuli hakuna, unapanda jiwe tupu limelala kama mgongo wa nyangumi, mnafuata vile virundo vya mawe vya kuonyesha njia. Karibu na mwisho njia inakuwa nyembamba ukingoni, hapo mshike mkono, ukikata kona tu tao hilo mbele yako, jamani nililia. Maji lita 2 kila mtu.

babu_jangwa: Anzeni alfajiri. Na Landscape Arch, tao lingine humo humo hifadhini, msiiache, ina karibu mita 90 toka upande hadi upande, nyembamba mno, 1991 kipande kikubwa kilidondoka watu wakiwa chini yake ndo maana pale chini pamefungwa.

Neema: Ule udongo mweusi wenye vinundu msiukanyage tafadhali, una viumbe hai, nyayo moja inachukua miaka kupona.

Mama Zuu: Asanteni sana, tunaondoka Ijumaa!