Chakula cha mchana shuleni: tununue dagaa wakavu au samaki wabichi?

Mzazi, Nkuhungu
Ndugu zangu, katika kikao cha wazazi cha shule anayosoma mwanangu tulikubaliana kwamba mara mbili kwa wiki maharage yapumzike na watoto wapewe samaki, lakini tuligawanyika tulipoulizwa ni samaki gani. Mimi nilitetea samaki wabichi, sato au perege. Tunaishi katika makao makuu ya nchi, lami inatufikia kutoka Mwanza, treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam tangu 2024, na majokofu yamejaa masokoni, kwa hiyo sioni kwa nini mtoto wa Dodoma aendelee kula kile ambacho babu yake alikula kwa sababu tu hakuwa na njia nyingine. Zaidi ya hayo, dagaa wa magunia ni mchanga uliochanganywa na samaki, na wapishi wetu wa shule hawana desturi ya kuwaosha. Naomba maoni.

Mpishi wa shule, Chamwino
Kaka, nimesoma hoja zako zote, lakini nitajibu sentensi yako ya mwisho, kwa maana imeniuma. Ninapika shuleni kwa miaka mingi. Dagaa wanapofika, ninawapeta kwa ungo, ninawachambua nikiondoa mawe na makapi, ninawaloweka katika maji ya moto, ninawaosha maji ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hata hapo ninawainua kwa mikono badala ya kumwaga, ili mchanga ubaki chini ya beseni. Ndipo ninapowakaanga kwa mafuta ya alizeti, vitunguu na nyanya, kisha ninaongeza karanga za kusaga, na watoto wanalia ugali mpaka sufuria inabaki tupu. Anayesema hatuoshi aje jikoni saa kumi na mbili asubuhi.

Mzaliwa wa Musoma, sasa Dodoma
Mama amejibu vizuri upande wake, nami nijibu upande wa ziwani, kwa sababu mchanga huo hauanzii jikoni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na wanapofika mwaloni alfajiri huanikwa papo hapo. Anayeanika juu ya mchanga wa ufukweni atakuuzia mchanga. Anayeanika juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini atakuuzia samaki safi waliokauka pande zote mbili, kwa kuwa hewa inapita juu na chini. Tofauti utaiona kwa macho: wa kichanja anang'aa kama fedha, wa mchangani amefifia na hulia menoni. Kosa la aina moja ya uanikaji lisibebeshwe dagaa wote, wala watu wa Mwanza, Musoma na Kigoma, ambao kwa kweli wanavua samaki yule yule katika maziwa tofauti.

Mjukuu wa Ujiji
Hapana, ndugu yangu wa Musoma, hapo umeteleza, na siwezi kunyamaza. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Ziwa Victoria si samaki mmoja. Wa kwetu wako katika ukoo wa samaki wa baharini wanaoitwa sadini, ingawa wanaishi katika maji baridi, na wenu ni wa ukoo mwingine kabisa. Ladha ni tofauti, mafuta ni tofauti, na ndiyo maana bei haifanani. Kumbukeni pia kwamba 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wapwa zangu walikula akiba ya kiangazi kile kwa sababu mama yao alikuwa ameweka gunia ndani mapema. Sato wa jokofu nani angemhifadhi miezi mitatu kwa umeme unaokatika?

Mchuuzi wa samaki, barabara ya Mtera
Ninashangaa kwamba tumeshazunguka maziwa yote na hakuna aliyetaja bwawa lililo mlangoni petu. Mtera ipo kwenye barabara ya Iringa, na perege na kambale wake hufika Dodoma siku ile ile. Serikali ililijenga bwawa lile kwa ajili ya umeme, lakini familia zetu zimesomesha watoto kwa samaki wake. Shule ikiniahidi siku mbili kwa wiki, nitaleta. Ila sitawadanganya: maji yanapopungua mwishoni mwa kiangazi, mavuno nayo hupungua, na hapo ninachoweza kuleta ni kambale wa kubanikwa.

Muuguzi, Kondoa
Naomba turudi kwa mtoto mwenyewe. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo kilo ya dagaa waliokauka vizuri ina protini nyingi kuliko kilo ya sato, na tena dagaa huliwa na mifupa yake, ambamo mna madini ya chokaa. Sato tunakula mnofu na mifupa tunaitupa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na ninawaona wengi kliniki. Namwomba dada mpishi asikate vichwa vya dagaa wadogo wa Mwanza kwa kuogopa uchungu.

Mzazi, Nkuhungu
Mama wa Chamwino, niwie radhi. Nilisema "wapishi wetu" nikimaanisha shule moja ambako mwanangu alirudi nyumbani akilalamika, na sikupaswa kuwajumuisha wote. Kuhusu lishe sina la kumpinga muuguzi. Lakini bado nauliza: shule itajuaje kwamba gunia linaloletwa ni la kichanja, ikiwa mzabuni anapewa kazi kwa kuwa wa bei ya chini kabisa?

Mpishi wa shule, Chamwino
Nimekusamehe, kaka, na vichwa sivikati kwa wale wadogo. Ninavikata kwa wakubwa tu. Kuhusu gunia, lifungue mbele ya mzabuni, chota konzi moja, tia katika bakuli la maji, koroga, kisha tazama chini. Mimi hufanya hivyo, na nimerudisha magunia. Ila kuna jambo hamjaligusa. Kuosha mara tatu kunahitaji ndoo nyingi, na huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na bomba la shule hutoa maji siku mbili kwa wiki. Samaki wabichi nao wanataka maji ya kupara magamba na kutoa matumbo, tena siku ile ile wanapofika, hawangoji bomba. Dagaa wanaweza kungoja. Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho, kaka, waulize wenzako kama mchango wa samaki umehesabu na tangi la maji.