Naomba ushauri: DJ anayekatiza nyimbo

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao mama anatimiza miaka 60 na sisi wanawe tunamfanyia shughuli ndogo nyumbani, Morogoro. Ombi lake ni moja tu: apigiwe nyimbo za Mr Nice. Najua, najua. "Kuku Kapanda Baiskeli" si wimbo wa kukaa ukatafakari maisha. Lakini enzi zile za TAKEU, mtindo uliobeba majina ya Tanzania, Kenya na Uganda, mama alikuwa anakaanga maandazi alfajiri, redio iko juu ya kabati la vyombo, na sisi tumeshavaa sare za shule tunacheza jikoni mpaka atufukuze na mwiko. Wimbo wa kipuuzi, sawa, ila ukianza tu hata kaka yetu mwenye kitambi anasimama.

Tatizo ni DJ. Tumeshampa kianzio, na juzi nimemsikia kwenye harusi ya jirani: wimbo ukifika kwenye kiitikio anaukata, anapiga king'ora, anataja jina lake, kisha anaurudisha mwanzo. Hata nilizopakua mtandaoni ni miksi za ma-DJ, kelele tupu.

Nimwambieje bila kumuudhi? Nimpe flashi na kumwomba aweke maiki chini kwa hizo chache tu, au tukodi spika tuachane naye? Na mwenye kujua zinapouzwa zikiwa safi, tafadhali anielekeze. Kianzio chenyewe, kwa taarifa yenu, hakirudishwi.